Kabla ya kumnunulia mama kamera, tengeneza ngazi

Najua nimepotea. Wawili watatu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha, nilikuwa nyumbani Taita nikichanganya saruji. Ndiyo, saruji. Mtu anayelipwa kuandika programu alishinda siku nne akipandisha ndoo za mchanga kwenye mteremko karibu na Wundanyi, na mgongo bado unaniuma ninapoandika haya.

Kilichonirudisha kwenye kibodi ni swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, la mwisho likiwa wiki iliyopita: "Ninunue kamera gani ya kumwangalia mzazi anayeishi peke yake mashambani?" Kwa kawaida hujibu kwa mstari mmoja. Leo nitajibu kwa kirefu, kwa sababu mimi niliinunua hiyo kamera, nikanunua na saa ya kielektroniki, na kote nikakosea. Msimamo wangu, ili asiyetaka kusoma yote aende zake mapema, ni huu: pesa zako za kwanza ziende kwenye ngazi, taa na mahali pa kushika. Zikibaki, tafuta kitu kitakachopiga kelele mzazi akinyamaza, si kitu kinachomngoja abonyeze. Na kelele hiyo imfikie mtu anayeweza kufika kwa miguu, si wewe uliye Nairobi.

Sasa kisa chenyewe. Tangu baba afariki mwaka 2015 mama anaishi peke yake. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 74. Jiko letu liko nje, kibanda cha mabati hatua kama kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma, na katikati kuna ngazi tatu za mawe ambazo baba alizipanga kwa mikono yake. Usiku mmoja wa Julai, ukungu umeshuka, mama alitoka jikoni saa mbili na sufuria mkononi, akateleza kwenye ngazi ya pili. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Kuinuka hakuweza, maana kwa mkono huo hakuwa na cha kuegemea, na goti la kushoto limekuwa likimsumbua miaka. Simu ilikuwa ndani, mezani, ikichajiwa. Alilala pale kwenye majani yenye umande hadi saa kumi na mbili asubuhi, jirani alipokuja kuchukua maziwa.

Saa kumi. Na Wundanyi ya Julai si Mombasa, wanaoijua baridi yake wananielewa.

Mama alipona mkono. Kikohozi kilikaa wiki nyingi, lakini nacho kikaondoka. Kilichonikaa mimi ni jambo jingine. Usiku uleule nilikuwa macho hadi saa saba nikishughulikia seva ya mteja iliyokuwa imezimika kwa dakika nne. Dakika nne! Ujumbe ulinifikia sekunde 30 baada ya seva kunyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika programu ya kuiangalia. Mama yangu alinyamaza saa kumi na hakuna chombo chochote kilichojua.

Kwa hasira hiyo nikaanza kununua. Kamera ya Wi-Fi ilinigharimu shilingi 4,500, nikaitundika kwenye kona ya sebule na kumwekea mama kifurushi cha intaneti. Siku ya tatu nikifungua picha kwenye simu naona giza. Nikapiga.

"Shikamoo mama. Kamera imeharibika? Huku naona giza tu."

"Marahaba. Haijaharibika, mwanangu. Nimeifunika na leso. Nitakuwa navaa mbele ya watu wa Nairobi?"

Nilianza kumweleza kuhusu nywila na usimbaji, kwamba hakuna anayeona ila mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho (mama ana adabu), kisha akasema, "Na wewe ni mtu wa Nairobi." Hapo sikuwa na jibu. Na hata kama asingeifunika, hebu fikiri: kamera iko sebuleni, mama alianguka uani. Ningelazimika kuweka sita, na kukaa siku nzima nikizitazama. Kamera inakuonyesha mzazi wako akiwa salama. Akianguka, inakuonyesha tu ikiwa unatazama.

Saa ilikuwa na akili zaidi, kwa hiyo niieleze vizuri maana wengi mnaulizia. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo. Mtu anapoanguka kwa ghafla, kihisi kinaona kwanza kitu kama kuelea hewani kwa sehemu ya sekunde, kisha kishindo kikubwa, kisha utulivu. Programu ikiona hivyo vitatu kwa mfuatano, inadhani umeanguka na inapiga simu. Kampuni ya Apple iliweka uwezo huo kwenye saa zake mwaka 2018, na wengine wamefuata kwa bei za chini. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Tatizo ni kwamba wazee wengi hawaanguki kama magunia. Wanashika kiti, kiti kinasogea, wanateleza ukutani pole pole mpaka chini. Kishindo hakuna, na saa inatulia. Upande wa pili, mama yangu analima. Siku ya kwanza ya jembe saa ililia mara nyingi hata akaivua na kuitia kabatini, na huko kabatini chaji ikaisha.

Kuna vile vitufe vya kuvaa shingoni pia, ambavyo Ulaya na Marekani vimekuwapo tangu miaka ya 1970. Ukianguka unabonyeza. Mwaka 2008 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Cambridge, Uingereza, ambao nadhani kila mtunzi wa programu za wazee angepaswa kuusoma kabla ya kuandika mstari mmoja. Watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 110 wenye miaka zaidi ya 90. Walioanguka walikuwa 66. Kati yao 53 walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na 20 walilala sakafuni saa nzima au zaidi. Vitufe vilikuwapo kwa wengi wao. Lakini katika visa vingi vya kulala chini muda mrefu, havikutumika. Mwingine hakuwa amekivaa, mwingine alishindwa kukifikia, mwingine hakutaka kusumbua watu. Huyo wa mwisho namjua, ni mama! Nilipomuuliza kwa nini hakupiga mayowe usiku ule, alisema jirani amezeeka naye, na ngazi zake ni mbaya kuliko zetu.

Haya basi, vitu vya duka vimeshindwa. Nifanye nini? Nilifanya kile ambacho ningefanya kwa programu yenye hitilafu. Nilirudi mahali hitilafu ilipotokea nikakaa hapo. Kwa maneno mengine, Agosti mwaka ule nilikaa kwenye ngazi ya pili usiku, nikazima tochi, nikaangalia.

Sikuona chochote. Nami nina macho ya mtu wa miaka arubaini. Lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosonga na mboni haipanuki kama zamani, hivyo jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga linaopokea jicho la kijana wa 20. Mama ana zaidi ya hiyo 60. Na zile ngazi, ambazo nimezipanda na kuzishuka tangu utoto bila kuzifikiria, hazikuwa sawa. Ya kwanza ni fupi, ya pili ni ndefu, ya tatu imeinama kuelekea bondeni. Mguu huzoea kimo cha ngazi ya kwanza na kutarajia ya pili iwe hivyo hivyo. Baba alipanga mawe aliyoyapata, Mungu amrehemu, na kwa miaka thelathini hapakuwa na shida kwa sababu sote tulikuwa na magoti mazuri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wenye miaka zaidi ya 60 ndio wanaokufa zaidi. Kwa ajali zisizo za kukusudia, ni ajali za barabarani pekee zinazoua wengi kuliko kuanguka. Sasa je, kutengeneza nyumba kunasaidia kweli au ni maneno ya mafundi wanaotafuta kazi? Hili limepimwa. Katika eneo la Taranaki, New Zealand, watafiti walichukua nyumba 842 na kuzigawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likatengenezewa vitu vidogo vidogo: vishikio vya ngazi na bafuni, taa za nje, kingo za ngazi zisizoteleza. Jingine likangoja. Matokeo yalichapishwa kwenye Lancet mwaka 2015: majeraha ya kuanguka nyumbani yalipungua kwa asilimia 26 katika nyumba zilizotengenezwa. Hapakuwa na programu wala betri. Nikisoma matokeo kama hayo huwa naona wivu kidogo, maana sijui kazi yangu ipi imewahi kupunguza kitu chochote kwa robo.

Kwa hiyo tulivunja ngazi za baba. Mama alilia kidogo, tukabakisha jiwe moja kubwa likawa kiti karibu na mlango. Ngazi mpya ni nne, zote kimo kimoja, zimekwaruzwa saruji ikiwa mbichi ili zisiteleze. Pembeni kuna bomba la mabati limezamishwa kwenye zege, kuanzia hatua moja kabla ya ngazi ya kwanza hadi hatua moja baada ya ya mwisho, kwa sababu mtu huyumba zaidi anapoanza na anapomaliza. Shilingi 6,800 pamoja na fundi. (Hiyo ilikuwa 2022, msiniulize bei ya saruji ya leo, nimetoka kuinunua na sitaki kuizungumzia.) Saruji ya safari hii ilikuwa ya njia ya kwenda chooni, ambayo kila mvua ilikuwa inageuka sabuni.

Kwenye taa nilijifunza kwa kukosea. Nilinunua zile za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita. Zinahisi joto la mwili linalosogea, na zinafanya kazi vizuri mno, hata kwa mbwa wa jirani. Lakini mwezi wa saba kule milimani jua halionekani siku tatu mfululizo. Sola inachaji nusu, taa inammulikia mbwa hadi saa sita, na mama anapotoka saa tisa usiku imekwisha. Sasa kuna balbu ya betri inayochajiwa na stima iliyowekwa juu ya mlango, na sola imebaki kama msaidizi. Na ukingo wa kila ngazi umepakwa rangi nyeupe, upana wa vidole vinne. Rangi haihitaji chaji. Stima ikipotea bado iko pale, na mwanga kidogo wa tochi ya simu unatosha kuionyesha. Kopo moja, shilingi mia nne na kitu. Kama kuna jambo moja utakalochukua hapa leo, chukua hilo la rangi.

Ndani ya nyumba ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu: vile vipande vya zulia vinavyojikunja kona vikaondoka, sukari na unga vikashuka kutoka rafu ya juu ili mama asipande kiti, waya wa redio ukazungushwa ukutani. Jambo moja la ndani nilisemee zaidi, nalo ni jiko la makaa. Kwenye baridi mama alikuwa analiingiza chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala haamki kujua kwamba anakufa. Hapa sina ubishi na teknolojia hata kidogo: king'ora cha gesi hiyo, kinachotumia betri, kiko chumbani mwake na nitakibadilisha muda wake ukiisha. Na jiko halilali ndani tena, nimemnunulia blanketi la pili na chupa ya maji moto. Mwenye kupikia gesi ya mtungi naye akumbuke kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kihisi chake kikae karibu na sakafu. Nimeona kimoja kimepigiliwa darini, kwa sababu aliyekiweka alifuata picha ya nchi wanakotumia gesi asilia, ambayo hupanda juu.

Ngazi zikawa tayari. Lakini mtu anaweza kuanguka hata kwenye ngazi nzuri, au akapata homa, au presha. Zile saa kumi bado zilikuwa zinaniuma.

Wajapani walilitazama jambo hili vizuri zamani. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi, inayojulikana kwa birika na vyungu vya wali, ilianza kutoa huduma yenye birika la umeme liitwalo i-Pot. Mzee anachemsha maji yake ya chai kama kawaida, birika linatuma taarifa, na mtoto aliye mbali anapata barua pepe kwamba leo mzee ametumia birika. Habonyezi kitufe chochote kigeni wala hapigwi picha. Anakunywa chai. Siku asipokunywa, ukimya wenyewe ndio habari. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiziangalia seva za watu miaka yote. Seva inatuma neno "nipo" kila dakika, na neno lisipofika ndipo king'ora kinalia. Madereva wa treni wanalijua pia: kuna kanyagio ambalo dereva lazima aendelee kulishughulikia, akizimia treni inajifunga breki. Hakuna anayemwomba dereva aliyezimia apige simu.

Birika la umeme kwa mama halifai, anapikia kuni na makaa. Lakini kuna kitu ambacho mama anakifanya vizuri kuliko Wajapani wote. Anafleshi! Kizazi chake kimefleshi tangu simu zilipofika, na kina kanuni zake: mara moja ni "nimefika", mara mbili ni "nipigie". (Hata wasomi wamelishughulikia, Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kufleshi, kwa mahojiano aliyofanya Rwanda, na ni makala inayochekesha kwa sababu unajiona ndani yake.) Basi makubaliano yetu ni haya. Asubuhi chai ikishaiva, mama anafleshi nambari fulani. Usiku akishafunga mlango, anafleshi tena. Simu yake ni mulika mwizi ya kawaida, chaji inakaa siku kadhaa, na sasa inaning'inia shingoni kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Akibonyeza 2 bila kuachia, inampigia jirani.

Nambari hiyo iko kwenye kimodemu cha GSM kilichounganishwa na tarakilishi ndogo nyumbani kwangu Nairobi, yenye betri ya akiba. Kwa wapenzi wa mambo haya: ukikipa kimodemu amri ya AT+CLIP=1, kila simu inapoingia kinaandika RING, kisha mstari wa +CLIP wenye nambari ya anayepiga. Programu ya Python isiyozidi mistari 120 inasoma nambari, inaandika saa, inakata kwa ATH. Mama halipi hata senti. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi bila flashi, kimodemu kinampigia mama. Akiona nambari ile anajua amesahau, anafleshi, yamekwisha. Asipofleshi, robo saa baadaye napigiwa mimi, na saa tatu kamili majirani wawili wanapata ujumbe mfupi. Na ili nijue kwamba programu yenyewe haijafa, kila siku inanitumia "Mama salama" na saa aliyofleshi. Nisipoupata najua kuna mmoja amenyamaza, na sikai chini mpaka nijue ni nani.

Mkosoaji atasema: akianguka saa nne usiku, baada ya kufleshi, atalala hadi asubuhi. Ni kweli. Sijaziba pengo hilo lote. Ndiyo maana simu iko shingoni, ndiyo maana nimezungumzia taa kwa kirefu, na ndiyo maana siku hizi kuna ndoo yenye mfuniko chumbani, jambo ambalo mama amenikataza kuliandika na sasa nimeliandika.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja flashi haikuja. Kimodemu kikapiga, kimya. Nikapigiwa, nikampigia mama, kimya. Saa tatu ujumbe ukaenda, na jirani yetu ambaye sote tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa damu akaupanda mlima kwa magoti yake yale. Mlango umefungwa kwa kufuli. Akanipigia akihema.

"Mwanangu, mama yako yuko matangani ng'ambo ya pili. Nilimwona jana akienda na mkeka. Hiyo tarakilishi yako haijui watu?"

Niliomba radhi kwa Shangazi, nikamtumia sukari na salio, lakini swali lake lilinikaa. Mimi nilikuwa nimempanga yeye wa mwisho, kama fundi anayeitwa mambo yakiharibika, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na habari tangu jana. Nikageuza mpangilio. Sasa saa mbili na nusu mama na Shangazi wanapigiwa pamoja. Shangazi akijua mama yuko wapi, naye anafleshi tu, king'ora kinazimika. Mimi ndiye wa mwisho. Na mama mwenyewe akaongeza kanuni: akifleshi mara mbili kwa kufuatana, maana yake "sipo, msinitafute hadi kesho." Sikuwa nimemwomba aubuni mfumo, aliubuni kwa sababu ni wake. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wateja wenye elimu kubwa ambako hakuna aliyetoa wazo zuri kama hilo.

Machi 2024 ukimya ulikuwa wa kweli. Homa ilimkamata usiku, asubuhi hakuweza kusimama. Saa tatu kasorobo Shangazi alikuwa mlangoni, saa nne mama alikuwa hospitalini, amefikishwa kwa bodaboda huku kijana mmoja amemshikilia kwa nyuma. Mimi nilifika jioni kwa treni hadi Voi na matatu kupanda Mwatate, nikamkuta amekaa kitandani akilalamika kuhusu uji. Sina hakika ingekuwaje bila ile flashi, huenda Shangazi angepita tu kama siku nyingine. Huenda asingepita.

Wapo watakaosema mlete Nairobi. Nimejaribu. Anakaa wiki mbili, anaita nyumba yangu ya ghorofa ya nne "kabati", anarudi. Wengine watasema mwajirie msichana wa kazi, na mwenye uwezo na mzazi aliyekubali afanye hivyo, ni bora kuliko kimodemu changu.

Lakini najua nazungumza kama mtu mwenye mshahara. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini, na wengi wao hawana mtoto mwenye kimodemu. Kupitia Inua Jamii, tangu 2018 wenye miaka 70 na zaidi wametengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zile ngazi zangu na bomba lake ni zaidi ya miezi mitatu ya pesa hizo, bila kula. Katiba, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji wa kuridhisha kutoka kwa familia na serikali. Mimi nimefanya sehemu ya familia, kwa kuchelewa. Kwa upande wa pili, kaunti ina mafundi wa ujenzi na ina wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Anayepima presha ya mzee anaweza pia kutazama ngazi zake na kuandika "hapa panahitaji bomba". Sioni kwa nini hilo ligeuzwe kuwa mashindano ya kutunga programu, yenye zawadi na fulana, ambayo mwishowe hutoa kitu kinachohitaji simu ya bei ya ng'ombe. Nimeshiriki mawili ya hayo. Tuzo moja iko hapa nyuma yangu kwenye rafu, programu yenyewe haikuwahi kutumiwa na mzee hata mmoja.

Anayetaka ile programu ya flashi aniandikie, nitamtumia bure. Ina hitilafu moja bado: siku ambayo mama anafleshi huku mtandao umejaa, simu haiingii na Shangazi anapigiwa bure. Nashughulikia.

Kamera nimeileta Nairobi, inaangalia mlango wangu. Kilichobaki kule ni bafu, sakafu yake ni laini kama sahani. Fundi anakuja Jumamosi. Mama ameshaniambia nisimletee yule wa ngazi, eti anakunywa chai nyingi kuliko anavyochanganya saruji.